Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Mei

Wewe unayenisoma, nakuomba unisikilize kama mtu aliyeketi jikoni kwangu, kikombe kiko mkononi na hana haraka ya kwenda, maana habari hii ilitokea kati ya watu waliokuwa wakisikiliza, na nikiiandika kama ripoti itanifia. Nitaenda polepole. Nimefundisha watoto wadogo karibu maisha yangu yote ya kazi, na nimejifunza kwamba anayeuliza swali mara ya pili si mjinga. Mimi ndiye ambaye sikueleza vizuri mara ya kwanza. Mwezi uliopita tulimzika Atieno kule Sugoi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu wa ujana wetu, ule mwaka wa vitabu. Siku hizi vijana hufanya jambo hilo kwenye simu. Mwezi wa Januari mtu anatangaza atasoma vitabu vingapi, na Desemba anaweka picha za vyote, kila kimoja na nyota zake kando. Ni jambo zuri, na kama wewe umo, endelea. Mwaka wetu ulikuwa tofauti kwa sababu ndogo iliyozaa mengine yote: kitabu kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa wengi.

Tuliishi mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, mfereji wa kuchotea maji ukiwa katikati. Wengi wetu tulitoka magharibi au upande wa ziwa, tulikuja kutafuta kazi, na kanisa ndilo lililotukutanisha. Vijana wa kanisa walikubaliana kwamba kila mwezi tutachangisha na kununua kitabu kimoja kutoka kwa wauzaji wa mitumba wanaotandaza vitabu juu ya magunia kando ya soko. Kingezunguka nyumba kwa nyumba mpaka kila mtu akisome. Lakini wa mwisho angekipata wakati sisi wengine tumeshakisahau, na angekizungumzia na nani? Basi tukaweka desturi. Msomaji wa kwanza alipewa wiki, na Jumapili, baada ya ibada, tulikusanyika kwa Mama Beti na msomaji huyo akatusimulia kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, bila kukishika mkononi. Sisi wengine tulikisoma baadaye, tukijua tayari kitakavyoisha. Ukiniuliza kama hilo haliharibu kitabu, nitakuambia kwamba mimi halikuniharibia. Ukijua mtu atakufa katika sura ya mwisho, unamsoma kwa upole tangu anapoingia.

Chumba cha Mama Beti kilikuwa cha pembeni, kwa hiyo kilikuwa na madirisha mawili, na hilo lilimfanya tajiri kati yetu. Alipika mandazi ya kuuza, na Jumapili alitupa yale yaliyojikunja vibaya. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, na sisi tuliketi kwenye benchi la Barasa, fundi wa viti, ambaye alilileta kwa siku moja tu na hakulichukua tena. Barasa ndiye aliyepata zamu ya Januari. Alisimama, akajipangusa mdomo, akasema, "Kuna mtu alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe akaibiwa. Wakatafuta, wakapata. Mwizi ni shemeji." Kisha akaketi.

"Na kurasa zote hizo ni za nini?" Mama Beti akauliza.

"Ni za shemeji kukataa."

Februari ilikuwa ya Atieno. Alikuwa msusi, anasuka nywele kwenye kibanda karibu na stendi, na nafikiri ndiko alikojifunzia kusimulia, kwa sababu mtu anayesukwa hawezi kuinuka aende. Kitabu chake kilihusu dada wawili waliokuwa na jozi moja ya viatu, wakaenda kanisani kwa zamu, hadi ikafika harusi ambayo wote wawili walitaka kuhudhuria. Alisimulia mikono ikiwa hewani, vidole vikisuka kitu ambacho hatukukiona. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika chumba kile: chai ilikuwa inapoa. Mama Beti alikuwa amevua viatu vyake na kuviweka kando, na sidhani alijua kwamba amevivua. Nilipokuja kukisoma kitabu chenyewe nilikipenda, lakini nilikisoma kwa sauti ya Atieno, na kila nilipofika mahali pazuri nilikuta ameshapita hapo.

Machi ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimesema sentensi yangu ya kwanza, inayofaa kitabu chochote, mara nyingi, kwa sauti kubwa, kwenye poshomili nilikofanya kazi, ambako kinu kinapovuma unaweza kuhubiri na hakuna atakayekusikia. Tulipokuwa tunanunua kitabu, Mama Beti alinishika mkono. "Nafula mwanangu, si umwachie tu Atieno? Wewe utasoma wa pili. Hutakosa kitu." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikaachia. Aprili, mwenye zamu aliachia mwenyewe kabla hajaombwa. Ndivyo Atieno alivyokuwa msomaji wa kwanza wa kila kitabu, na mimi wa pili wa kila kitabu, kwa sababu nilikaa chumba kilichofuata.

Nikueleze wivu wangu ulivyokuwa, kwa maana watu huuchanganya na chuki. Sikumchukia Atieno. Tulichota maji pamoja, tuliazimana sabuni, na alinisuka bila kunilipisha. Wivu wangu ulikuwa wa kumtazama. Nilijua jinsi anavyovuta pumzi kabla hajafika mahali pa kuchekesha, nilijua atainua mkono gani, na hakuna mtu katika chumba kile aliyemsikiliza kwa makini kuliko mimi. Kama umewahi kumtazama mtu hivyo, usijione mbaya. Ni njia mojawapo ya kusoma, ila inauma.

Kitabu cha Mei alikinunua Barasa, akakipima unene kwa vidole kama anavyopima mbao. Kilikuwa na mgongo wa kijani. Kilihusu mwanamke mwenye duka katika mji mdogo, ambaye mume wake alikwenda kutafuta kazi na hakurudi. Akamlea mwanawe peke yake. Mwana akaoa msichana ambaye mama hakumtaka, na tangu harusi mama hakuzungumza na mkwe wake ila kwa kupitia kwa mwanawe: mwambie mke wako chakula kimeungua, mwambie mke wako afunge dirisha. Hata dukani msichana yule hakuruhusiwa kuvuka kaunta. Atieno alitufikisha kwenye mvua kubwa, duka limefungwa, mwanamke peke yake ndani, na mtu anabisha mlango. Vidole vyake vikaacha kusuka. Kisha akasema kwamba mwanamke alifungua na kumkuta mkwe wake, amelowa hadi nywele, amekuja kununua chumvi kama mtu wa kupita, kwa sababu nyumbani haikuwepo na asingeweza kuomba. Mwanamke akampimia chumvi, akaifunga kwenye karatasi, akaiweka juu ya kaunta. Halafu akainua ule ubao wa kupitia, akamwingiza ndani, akamwachia mizani. Yeye mwenyewe akazunguka, akatoka, akasimama upande wa wateja. Akasema, "Nipimie sukari." Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia mkwe wake bila kumtuma mtu.

Hapo Atieno akaketi. Mama Beti, ambaye sote tulijua kwamba hazungumzi na mke wa kijana wake, aliinuka akaenda nyuma ya pazia kutafuta kitu ambacho hakukipata. Mimi nilikaa nikifikiri: yuko wapi mtu aliyeandika hivi, na kwa nini hili limenifikia kwa kinywa cha Atieno na si kwa macho yangu.

Nikakipokea kitabu, nikakisoma haraka kuliko vyote, kwa kuwa nilitaka kuufikia mlango ule. Nilifika mahali mvua inapoanza. Nilifika mtu anapobisha. Nikafungua ukurasa, nikakuta jalada. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimetoka zote, ile gundi ya mgongo ikiwa imeachwa wazi kama ufizi. Nikamfuata Atieno mferejini.

"Hizi kurasa zingine ziko wapi?"

"Hazikuwa. Nilikipata hivyo hivyo."

"Sasa ule mwisho uliutoa wapi?"

"Niliutunga." Alikuwa anafua, hakuinua uso. "Ningefanya nini, na Jumapili ishafika?"

Sikumwamini. Nilijiambia kwamba kurasa zilimwangukia kibandani, zikafagiliwa pamoja na nywele, na sasa anaona haya. Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kufikiri hivyo kuliko kukubali kwamba mwisho ule ulitoka kichwani mwa mtu niliyekuwa nikigawana naye kamba ya kuanika nguo. Nikampa Barasa kitabu bila maelezo. Jumapili iliyofuata alinikabili mbele ya watu wote.

"Nafula, kurasa zangu."

"Zako zipi?"

"Za mvua. Nimebisha mlango nikafunguliwa na jalada."

"Nilikipata hivyo."

"Kwani Atieno alisoma nini, hewa?"

"Ama ulizifungia unga huko poshomili," Mama Beti akasema, na chumba kizima kikacheka.

Atieno akasimama. "Hazikuwa tangu mwanzo. Ule mwisho ni wangu, mimi nilitunga."

"Ona huyu," Mama Beti akasema kwa upole. "Anamfunika mwenzake. Hiyo ni roho nzuri sana, mwanangu."

"Mama Beti, ninasema ukweli."

"Wachana na hiyo maneno," Barasa akasema. "Hakuna mtu anatunga kitu kama hiyo."

Ona sasa nilivyokuwa. Nilisamehewa kosa ambalo sikulifanya, na Atieno, juu ya sifa ya kusimulia, akaongezewa sifa ya wema. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sababu ya Barasa ya kutomwamini ndiyo ile ile niliyokuwa nayo mimi. Tangu siku hiyo, kila nilipokabidhiwa kitabu, kulikuwa na mtu wa kusema, "Nafula, na kirudi kizima," na kila nilipokirudisha walikigeuza kutazama nyuma kwanza.

Tukaendelea kusoma. Julai, wakati baridi ya hapa inapofanya watu walale na soksi, tulisoma kitabu cha mpima ardhi aliyepotea msituni, ambacho kila mtu alikichukia ila mimi. Nilipenda jinsi alivyoendelea kupima hata baada ya kujua kwamba amepotea. Agosti tulisoma cha mwanamume aliyejenga nyumba maisha yake yote na hakuwahi kuhamia. Atieno aliwachekesha hadi Barasa akashika ubavu. Baada yake nikasema kwamba mimi nimeona jambo moja: katika kitabu kizima mtu yule ananunua mawe, mabati, misumari na vioo, lakini hakuna mahali anaponunua mlango. Wakasema, "Ehe." Kisha wakamgeukia Atieno kumuuliza yule fundi mlevi alisemaje tena. Hata leo naamini nililoliona lilikuwa kubwa kuliko fundi mlevi. Hata leo, nikilikumbuka, naisikia ile "ehe".

Septemba akaja Mwalimu Rael. Alikuwa mkuu wa nasari ya kanisa, mama mrefu mwenye sauti ya chini, na alianza kuhudhuria Jumapili zetu akinywa chai bila sukari. Alitueleza kwamba mwalimu wake mmoja anaondoka mwisho wa mwaka, na angependa kumchukua kijana wa hapa hapa aliyemaliza kidato cha nne, amfundishe kazi. Katika chumba kile waliomaliza walikuwa mimi na Atieno. Usinifikirie vibaya nikikuambia jinsi nilivyoitaka kazi hiyo. Poshomili ilikuwa imenikaa kifuani. Asubuhi nilikohoa unga mweupe, na jioni sauti ilikuwa imekwisha kwa kupigia wateja kelele. Nilitaka kuingia mahali ambapo mtu anaweza kusema kwa sauti ya kawaida na akasikika. Mama Beti, kwa nia njema kabisa, alimsimulia Mwalimu Rael habari ya kurasa kama kichekesho. Mwalimu hakucheka. Akanitazama, akasema, "Vitabu vya watoto vina kurasa chache. Ikipotea moja, mtoto hana hadithi."

Novemba, mavuno yakiwa yameanza, mwenye poshomili alinituma na lori hadi Moiben kuchukua mahindi. Aliyetuuzia alikuwa mwalimu mstaafu. Wakati magunia yakipakiwa alinikaribisha ndani, akanimiminia mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, kwenye kikombe cha bati, akatoka kwenda kusimamia mizani yake. Ukutani palikuwa na rafu ya vitabu. Niliutambua ule mgongo wa kijani kabla sijasoma jina. Nikaweka kikombe chini, nikakitoa, nikafungua moja kwa moja kwenye mvua.

Nataka uelewe nilichokuwa nikikitumaini, kwa sababu ndicho kiini cha haya yote. Nilitamani kumkuta yule msichana mlangoni, amelowa. Nilitamani chumvi iwepo, na mizani, na sukari, yote yawe yamechapishwa miaka mingi kabla Atieno hajazaliwa. Kama yangekuwepo, basi Atieno alikuwa msomaji tu kama mimi, mwenye kinywa kizuri zaidi na hakuna kingine. Nikasoma. Aliyebisha alikuwa mume. Amezeeka, ameishiwa, anaomba msamaha. Mbuzi anachinjwa, majirani wanaitwa, mwanamke analia na kucheka. Mkwe anatajwa mara moja tu, akipita na sinia. Haukuwa mwisho mbaya; kuna mahali mume anasahau mlango wake mwenyewe unafunguka upande gani, na hapo nilisikia ubaridi. Lakini haukuwa ule. Nilisoma hadi jalada, nikarudia, nikiwa nimesimama, na nje nikisikia watu wa lori wakiimba wanapoinua magunia. Atieno alikuwa ametunga kweli.

Mzee alipoingia nilimwomba aniazime. Akasema nichukue, mradi nikirudishe na lori linalofuata. Njiani nilikaa juu ya magunia na kitabu ndani ya sweta, nikaanza kupanga mambo kama ninavyokupangia wewe. Mwisho wa kitabu na mwisho wa Atieno havifanani. Kwa hiyo Atieno hakuziona kurasa za mwisho. Kwa hiyo hazikuwepo yeye alipokipata, na mimi sikuzipoteza. Nikikiweka kitabu hiki mbele ya Mwalimu Rael jina langu litasafishika, na pengine kazi itakuwa yangu. Lakini kitakachonisafisha mimi ndicho hicho hicho kitakachowaonyesha watu wote kwamba Atieno anaweza jambo ambalo hakuna mwingine kati yetu anayeliweza. Hakukuwa na namna ya kutumia nusu yake. Niliitafuta njia nzima, kutoka Moiben hadi mjini, na sikuiona.

Jumapili nikaweka kitabu mezani, kati ya mandazi na birika. "Nimepata kizima," nikasema. Mwalimu Rael alikuwepo. Barasa akakigeuza kutazama nyuma, kwa mazoea, akasema, "Leo kina mkia." Wakasema nisome. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo mzima kusimama mahali pa Atieno, na nilisimama na maneno ya mtu mwingine mkononi. Nikasoma kuanzia mvua. Mume alipoingia walianza kutazamana. Mbuzi alipochinjwa, mtu akacheka upande wa dirisha, na kicheko kikasambaa. Niliendelea. Nilisoma kila neno hadi mwisho, kisha nikafunga.

"Hicho kimekosewa," Barasa akasema.

"Kimekosewa vipi, na kimechapishwa?" nikamuuliza.

"Huyo mwandishi angengoja kidogo amsikie Atieno. Mume wa nini? Angebaki huko huko."

"Na msichana wangu wamempeleka wapi?" Mama Beti akauliza, kama mtu aliyedhulumiwa. "Wamempatia sinia tu?"

Wote wakazungumza kwa pamoja. Walimgeukia Atieno, wakamuuliza ilikuwaje, alitoa wapi, na mbona hakuwaambia. Na yeye akasema aliwaambia, na wakakubali kwamba kweli aliwaambia. Alikuwa amekichukua kitabu na kwenda nacho dirishani, akisoma ule mwisho huku amewapa mgongo. "Kumbe ni mume," akasema. "Mimi nilikuwa nimemsahau kabisa." Hakuna aliyetaja kurasa zangu. Nilikuwa nimesimama bado. Mwalimu Rael ndiye aliyeweka kikombe chini, akauliza, bila kuinua sauti, "Sasa ni nani alisema Nafula alipoteza kurasa?" Barasa akatazama benchi lake. Mama Beti akanipa andazi, zuri, lisilojikunja.

Kazi nilipewa mimi. Mwalimu Rael aliniambia wiki ile, tukitembea nje ya kanisa. Nilimuuliza kwa nini si Atieno, kwa sababu nilitaka kusikia jibu, hata kama lingeniumiza. "Ulisoma hadi mwisho wakati wanakucheka," akasema. "Watoto pia watakucheka, na herufi lazima zisomwe zilivyo. Atieno nikimpa darasa, watoto watarudi nyumbani na hadithi na hakuna anayejua kuandika jina lake." Nikafurahi kwa hatua kama tatu hivi, mpaka alipoongeza: "Lakini Ijumaa mchana nitamwomba aje awasimulie." Na alikuja. Kila Ijumaa, hadi alipoolewa Sugoi, watoto wangu niliowafundisha wiki nzima kushika kalamu waliniacha na kukimbilia mkeka wake, na mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikitazama vidole vyake.

Kule Sugoi, siku ya maziko, binti yake mkubwa aliwaambia waombolezaji kuhusu kitabu ambacho mama yake alikipenda kuliko vyote. Akasimulia habari ya duka, na mvua, na mkwe, hadi "nipimie sukari". Mama mmoja aliyeketi karibu nami, sahani ya wali juu ya magoti, alijua kwamba mimi ni mwalimu na kwamba tulisoma pamoja na marehemu. Akaniuliza, "Hicho kitabu wewe unakijua?"

"Nilikisoma."

"Na ni kweli kinaisha hivyo?"

Mimi, niliyepewa kazi kwa kusoma kilichoandikwa, nikamwambia, "Ndiyo, kinaisha hivyo." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye wali wake. Na hata hapo, jeneza likiwa mbele yetu, wivu ulikuwepo. Nilifikiri: mimi nikifa hakuna mtu atakayesimulia kitu nilichokitunga, kwa sababu sijawahi kutunga.

Jumapili ile ya Novemba, wengine walipokwisha kuondoka, mimi na Atieno tulibaki kuosha vikombe vya Mama Beti kwenye karai. Nilimuuliza alifanyaje. Nilitarajia aseme kwamba yalimjia tu, na ningeridhika, maana kinachomjia mtu si kosa la yule ambaye hakikumjia. Lakini alinieleza kama mtu anayekuonyesha jinsi ya kugawa nywele kabla ya kusuka. Alisema alipokuta jalada alikifunga kitabu, akakaa, akajiuliza ni nani katika hadithi bado amesimama nje. Akawapitia mmoja mmoja, akamwona yule msichana, akamfungulia. "Ni hivyo tu," akasema. "Hata wewe unaweza. Wewe ndiye uliona ile nyumba haina mlango." Nikamwambia vikombe vimetakata. Kumbe alikuwa amenisikia Agosti, na kwa wivu wangu sikutaka hata kupokea hilo kutoka kwake.

Wiki hii nimejaribu, kwa mara ya kwanza. Nilichukua riwaya ambayo sikuwahi kuisoma, nikaiacha kabla ya mwisho, nikajiuliza lile swali, nikamwambia jirani yangu mwisho wangu huku tunachambua mchicha. Ulikuwa mwisho dhaifu. Jirani alisema, "Ehe." Lakini akauliza kilichotokea kabla ya hapo, na chai yake ilipoa.

Basi kama mwaka huu umejiahidi kusoma vitabu, fanya hivi na kimoja kati ya hivyo. Zikibaki kurasa chache za mwisho, kifunge, ukiweke mbali na mkono wako. Jiulize ni nani bado amesimama nje. Mtafute mtu ambaye hajakisoma, mwambie mwisho wako kwa sauti, wote, bila kuomba radhi. Kisha fungua kitabu usome kilichoandikwa.